Jina katika Kola ya Mtoto

Mwanzoni mwa mwezi wa Septemba, asubuhi katika mji wa Lubumbashi hewa bado ina ubaridi kidogo. Mvua haijafika, vumbi jekundu limefunika majani ya miembe. Watoto watoka majumbani kwa makundi, mashati meupe, kaptula na sketi za buluu, na sweta zimefungwa vifungo mpaka shingoni. Lakini ifikapo saa nne jua limekwisha kuwa kali. Kengele ya mapumziko yalia, watoto wakimbilia uwanjani, na sweta zavuliwa na kutupwa ukutani, juu ya jiwe, chini ya mti, moja juu ya nyingine. Zote ni za buluu, zote zafanana. Kengele ikilia tena, kila mtoto hushika ile iliyo karibu na mkono wake na kukimbia darasani.

Hapo ndipo ianzapo habari yetu.

Mama mmoja wa mtaa wa Katuba alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita, aliyeingia darasa la kwanza. Alikuwa amemnunulia sweta mpya katika soko la Kenya, baada ya kuweka akiba kidogo kidogo muda wa miezi mitatu. Jirani yake naye alikuwa na mtoto wa umri ule ule, katika darasa lile lile, mwenye sweta ya rangi ile ile. Siku ya Ijumaa ya juma la pili, mtoto wa jirani alirudi nyumbani bila sweta.

Jirani hakukawia. Alivuka ua, akamkuta mtoto wa mwenzake amevaa sweta yake.

«Mama, sweta hii ni ya mtoto wangu.»

«Hapana, mama, hii ni yetu. Niliinunua kwa fedha yangu mwenyewe.»

«Basi nionyeshe alama yake.»

Alama haikuwako. Maneno yakapanda, watu wa ua wakatoka kusikiliza, na mwishoni jirani akasema kwa sauti kubwa: «Mtoto wako ni mwivi!»

Mtoto alisikia. Watoto wengine pia walisikia, na siku ya Jumatatu neno lile lilifika shuleni kabla yake. Siku ya Jumanne alisema tumbo lamwuma. Jumatano akasema vile vile. Alhamisi baba yake alimshika mkono na kumpeleka mwenyewe. Mtoto akafika mpaka mlangoni, akakaa chini vumbini, akakataa kuingia.

Baada ya siku nane, Bwana Direkta alifungua sanduku lililokuwa pembeni mwa ofisi yake. Ndani yake zilikuwamo sweta tisa za buluu, zilizookotwa uwanjani, na hata moja haikuwa na jina. Jirani akazigeuza moja moja. Katika ile ya sita alisimama. Kifungo cha chini kilishonwa kwa uzi mweusi, uzi wake mwenyewe, nao alikuwa amekwisha kuusahau. Sweta ya mtoto wake haikuibiwa. Ilikuwa imelala sandukuni tangu Ijumaa ile.

Wazazi wapenzi, kupata sweta kulichukua siku nane. Kumrudishia mtoto jina lake jema kulichukua muda mrefu kuliko huo. Kwa hiyo tumeona yafaa leo kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa dogo: namna ya kununua nguo za shule za watoto wadogo, na namna ya kuzitia jina.

Nguo moja kwa wote

Katika nchi yetu ya Kongo vazi la kawaida la mwanafunzi ni shati jeupe pamoja na kaptula, suruali au sketi ya buluu. Sababu yake ni njema. Mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa mwenye kuuza makaa hukaa kwenye benchi moja, na mwalimu atazamaye darasa haoni nani tajiri na nani maskini.

Twajua pia ya kuwa mzigo wa nguo hizo wawaangukia wazazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 chasema ya kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na bila malipo, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kulitekeleza neno hilo. Shule nyingi za parokia zetu zimo katika mpango huo, kwani ni shule za serikali zisimamiwazo na Kanisa kwa mapatano ya mwaka 1977. Watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia shuleni, na madarasa yakajaa; kuna madarasa yenye watoto zaidi ya 60 mbele ya mwalimu mmoja. Lakini shati, kaptula, viatu na sweta bado vyanunuliwa na baba na mama. Tena katika darasa lililojaa hivyo, mwalimu hawezi kukumbuka sweta ya nani ni ipi, hata akiwa na moyo mwema namna gani.

Basi nguo ni chache, fedha ni chache, na watoto ni wengi. Yatupasa kutumia akili.

Kununua kwa wakati wake

Kosa la kwanza ni kungoja juma la mwisho. Wazazi wote wakienda sokoni siku moja, wauzaji hupandisha bei, na mafundi wa cherehani hushona upesi upesi, usiku na mchana, kwa mishono mirefu inayofumuka kabla ya Noeli. Mwenye kununua kitambaa mwezi wa Julai hupata bei nafuu, na fundi wake ana nafasi ya kushona vizuri.

«Lakini fedha ya Julai itatoka wapi?» Swali ni la haki. Akina mama wengi wamelijibu kwa likelemba: kila mwezi kila mmoja hutoa sehemu yake, na fungu lote hupewa mmoja wao kwa zamu. Mkipatana mapema, wale wenye watoto wa shule waweza kupewa zamu za Juni, Julai na Agosti. Asiye katika likelemba aweza kununua kitu kimoja kimoja: mwezi huu kitambaa cha shati, mwezi ujao kaptula, mwezi wa tatu sweta. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuchagua kitambaa na kipimo

Usidanganywe na kitambaa kinachong'aa dukani. Kishike, ukikunje kwa nguvu katika ngumi yako, kisha ukiachilie. Kikibaki na mikunjo mingi, jua ya kuwa kitakuhitaji pasi kila siku. Kinyoshe mbele ya mwanga: ukiona nyuzi ziko mbali mbali kama wavu, kitatoboka upesi kwenye viwiko na magotini. Pamba tupu ni nzuri kwa ngozi ya mtoto wakati wa joto, lakini yaweza kupungua ikifuliwa. Kwa hiyo kitambaa cha pamba kilowekwe majini na kukaushwa kabla ya kupelekwa kwa fundi. Pamba iliyochanganywa na nyuzi za kiwandani haipungui sana, hukauka upesi, nayo hudumu.

Mtoto mdogo hukua kama mgomba wakati wa mvua. Mwambie fundi aache upindo mpana, kama vidole vinne, chini ya kaptula au sketi, aukunje ndani na kuushona kwa mkono kwa mishono myepesi. Mwaka ujao utaufungua na nguo itashuka. Kwenye mikono ya sweta na ya shati refu, kunja vile vile. Lakini usinunue nguo kubwa mno kwa kusema: «Atakua.» Mtoto anayekanyaga kaptula yake huanguka, tena wenzake humcheka. Kola yafaa iache nafasi ya vidole viwili shingoni, wala isizidi hapo.

Neno jingine, wazazi hulisahau mara kwa mara. Mtoto wa miaka mitano au sita huenda chooni peke yake shuleni. Mama hayupo kumfungua. Mpe kaptula yenye mpira kiunoni, siyo mshipi mgumu wa chuma. Shati liwe na vifungo vikubwa, na matundu yake yasiwe membamba mno. Kabla ya siku ya kwanza, mwache avae na kuvua mwenyewe nyumbani mara tano, mara kumi, bila kumharakisha. Mtoto ajuaye kuvaa mwenyewe hana aibu mbele ya wenzake.

Ni nguo ngapi? Mashati mawili, na kaptula mbili au sketi mbili, zatosha: moja yavaliwa, nyingine yafuliwa. Fedha ikiwa haitoshi, ni heri shati moja lililoshonwa vema, lifuliwalo jioni na kupigwa pasi asubuhi, kuliko mawili yatakayopasuka. Tena pasi siyo ya urembo tu. Katika nchi yetu yuko inzi atagaye mayai yake katika nguo zilizoanikwa nje, na mabuu yake huingia katika ngozi na kuleta majipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Usiache kupiga pasi mishono na mipindo.

Kutia jina

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Nguo ikisha kushonwa, kazi haijaisha mpaka jina limo.

Zamani, katika shule za bweni za masista huko Ulaya, kila mwanafunzi alipewa namba, na namba hiyo ilishonwa katika kila nguo yake, hata leso na soksi. Nguo zote zilifuliwa pamoja, nazo zilirudi kwa wenyewe bila ugomvi. Alama hizo zilishonwa mara nyingi kwa uzi mwekundu, kwa sababu rangi hiyo nyekundu ilikuwa haitoki kwa sabuni wala kwa maji ya moto. Akina mama, hekima hiyo yafaa hata leo, wala haitaki mashine: yataka sindano, uzi na saa moja ya jioni.

Fanya hivi. Chukua utepe wa pamba nyeupe. Kama huna, kata ukanda katika shuka kuukuu, mpana kama kidole gumba, na ukunje kingo zake zisifumuke. Andika jina kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa zilizo wazi. Kisha ufuate maandiko kwa uzi mwekundu, kila mshono sindano irudi nyuma kidogo, ili mstari usikatike. Ukimaliza, shona utepe ndani ya nguo pande zote nne, siyo ncha mbili tu, maana utepe unaoning'inia hunaswa na kung'oka.

Usiandike kwa kalamu ya wino ya kawaida juu ya kitambaa. Wino huo hutawanyika majini, na maji ya javeli huufuta. Kalamu ya wino usiofutika yafaa kwa viatu na mfuko, lakini katika nguo zinazofuliwa kila juma hufifia, lazima kuirudia.

Uandike nini? Katika madarasa yetu wamo akina Maria wanne na akina Joseph watano. Jina la ubatizo peke yake halitoshi. Andika jina la ukoo pamoja na jina la ubatizo. Na kwa kuwa mtoto wa darasa la kwanza hajajua kusoma, umwongezee alama ndogo kando ya jina: nyota, samaki, jani, kwa uzi wa rangi aipendayo. Mwulize mwenyewe achague. Hataisahau, na kila aionapo atajifunza pia sura ya jina lake. Watoto wengine wamesoma jina lao kwa mara ya kwanza katika kola ya shati, kabla hawajalisoma ubaoni.

Ushone wapi? Kwa shati na sweta, ndani ya kola, katikati ya shingo. Kwa kaptula na sketi, ndani ya kiuno, upande wa nyuma. Hivyo mtoto atajua pia upande upi ni wa nyuma. Kwa viatu, andika ndani, chini ya ulimi wa kiatu. Mfuko, kikombe na kofia pia visisahauliwe. Lakini angalia: jina likae ndani, lisionekane nje. Mtu mbaya akisoma jina la mtoto kifuani na kumwita kwalo njiani, mtoto atadhani ni rafiki wa wazazi wake, naye atamfuata.

Nguo zinazorithiwa

Katika nyumba zetu shati la kaka huwa shati la mdogo wake, na sketi ya dada mkubwa huwafikia wadogo wawili. Si aibu, ni uangalifu mwema. Kwa nguo kama hizo yafaa kushona tepe mbili: moja yenye jina la ukoo, ambayo haitaondolewa, na nyingine yenye jina la mtoto, itakayobadilishwa. Mdogo akivaa nguo ya kaka yake, apewe jina lake mwenyewe katika kola. Nguo ni ya zamani, lakini siku ile imekuwa yake kweli.

Na mtoto wako akikua, nguo ikiwa bado nzima na nyumbani hakuna wa kuirithi, ipeleke parokiani au kwa mwalimu wa darasa, kimya kimya. Kabla ya kuitoa, fumua jina la mtoto wako. Mtoto wa maskini akivaa shati lenye jina la mtoto mwingine, kila mtu atajua ni la sadaka. Zawadi yenye kumwaibisha apewaye imepoteza nusu ya wema wake.

Neno kwa walimu na kwa wanafunzi

Walimu wapenzi, twajua uchovu wenu. Hata hivyo twawaomba mambo mawili. Kwanza, msimfukuze mtoto kwa sababu ya nguo tu. Mwiteni mzazi mkaongee, kwani pengine kuna ugonjwa au msiba nyumbani. Pili, vitu vilivyookotwa visifungiwe sandukuni mwezi mzima. Kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani, vitandazwe mbele ya watoto wote. Kama sanduku lile la Direkta lingalifunguliwa Ijumaa ile, hakuna mtoto angaliitwa mwivi.

Nanyi wanafunzi, sikilizeni. Ukivua sweta, ifunge kiunoni au uitie mfukoni mwako, usiiache ukutani. Ukiokota ya mwenzako, tazama kola na umpelekee. Ukigundua nyumbani kwamba umechukua isiyo yako, mwambie mama siku ile ile, na kesho uirudishe bila kuogopa. Kukosea si wizi. Lakini kuficha kosa ndio mwanzo wa wizi.

Amri mbili

Sote tulijifunza katika katekisimu ya kwamba amri ya saba yakataza kuiba. Jirani wa Katuba alikuwa tayari kuitetea amri hiyo. Lakini katika kuitetea aliivunja amri ya nane, maana alimsingizia mtoto asiye na kosa, mbele ya watu. Kanisa latufundisha ya kuwa mwenye kumwondolea mtu sifa yake njema yampasa kuirudisha, kama vile mwivi apaswavyo kurudisha mali. Kuomba msamaha chumbani hakutoshi, ikiwa tusi lilitolewa uani.

Yule mama jirani alilifahamu neno hilo. Jioni ya siku ile sweta ilipoonekana, alisimama katikati ya ua, akawaita watu wale wale waliosikia, akasema: «Nilisema neno la uwongo juu ya mtoto huyu. Yeye si mwivi. Mimi ndimi niliyekosa.» Kisha akamwendea mtoto, akainama, akamwomba msamaha kama vile amwombavyo mtu mzima. Jumamosi wamama wawili walikaa pamoja mkekani na utepe na uzi mwekundu. Jirani ndiye aliyeshona jina katika sweta ya mtoto aliyemtukana, pamoja na samaki mdogo, kwani ndivyo mtoto alivyochagua.

Jumatatu mtoto alikwenda mpaka mlangoni mwa darasa. Alisimama kidogo. Akageuza kola ya sweta yake, akamwonyesha mwenzake samaki na jina, kisha wakaingia wote wawili.

Maandiko Matakatifu yatupa habari ya Ana, mama yake Samweli. Mwanawe alikuwa akikaa mbali naye, katika nyumba ya Bwana huko Shilo, naye kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Kila mwaka, maana mtoto alikuwa akikua. Hatuambiwi mengi juu ya kanzu hiyo. Lakini mtoto aliyeivaa alijua ya kuwa yuko mtu anayemfikiri. Na Mwinjili Yohane atuambia ya kwamba Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Kwake yeye, hakuna aliye mmoja tu katika kundi.

Mtoto wako naye, katika darasa la watoto 60 waliovaa mavazi yale yale, si mmoja tu katika kundi. Basi kabla ya kengele ya kwanza ya Septemba, chukua sindano, ukamshonee jina lake.